Nyabiondo: kwa nini raia wanapenda nusu kuliko fungu lingine lolote

Katika hesabu za mafungu wanazofundisha darasani, moja tu ndiyo iliyotoka nje ya mlango wa shule ikaingia sokoni, shambani na ndani ya nyumba za watu. Ni nusu. Robo inaifuata kwa mbali. Theluthi ilibaki kwenye ubao: huku kwetu mtu anasema "moja juu ya tatu", jinsi mwalimu anavyoisoma kwa Kifaransa, halafu anaiacha hapo. Thumni ndiyo kabisa, usiulize. Maneno yote hayo manne Kiswahili kiliyatoa kwa Kiarabu, kwa njia ya biashara, lakini si yote yaliyofika Masisi na nguvu sawa.

Chukua soko la Nyabiondo, katika sekta ya Osso-Banyungu, kwenye barabara inayotoka Masisi-centre na kuelekea Walikale. Mama anayeuza maharagwe hana kilo wala mizani. Ana murongo, na mwenye kukosa makuta anaomba nusu murongo. Hakuna anayegombana. Nusu inaonekana kwa macho: bakuli limefika katikati au halikufika. Mkungu wa ndizi unakatwa kati, kipande cha sabuni kinakatwa kati. Hata watoto wawili wenye muhogo mmoja wanajua sheria bila kufundishwa na mtu: wewe ukate, mimi nichague. Jaribu kufanya hivyo na theluthi uone kelele.

Wanafunzi nao wana sababu yao. Kwenye mtihani wa Serikali asilimia 50 ndiyo mpaka kati ya anayepiga kelele za furaha na anayekwenda kujificha kwa shangazi. Sijaona hesabu nyingine inayoombewa kanisani.

Lakini sidhani kama watu wanapenda nusu kwa sababu ni nyepesi tu. Wanaipenda kwa sababu nusu inagawa pia hasara. Angalia mbuzi. Mwenye mbuzi asiye na mtu wa kuchunga anampa jirani jike lake. Mara nyingi mapatano ni haya: mtoto wa kwanza ni wa mwenye mbuzi, wa pili ni wa mchungaji, na kuendelea hivyo. Mbuzi akizaa vizuri, wote wawili wanapata. Ugonjwa ukipita, wote wawili wanalia. Hakuna anayemdai mwenzake.

Shambani ni vilevile pale watu wanapokubali kugawana mavuno kati kwa kati. Shida ni kwamba wengi Masisi hawapewi nusu. Wanakodi kipande cha udongo kwa makuta taslimu kabla ya kupanda, au wanalipa kwa siku za salongo kwenye shamba la mwenye ardhi. Hiyo si fungu, ni kiasi kilichokatwa mapema. Mvua ikikosa, kiasi hakipungui. Vita vikifika, kiasi hakirudi. Tarehe 4 Januari 2025 Masisi-centre iliingia mikononi mwa M23, na Januari ni wakati wa mavuno ya msimu A. Waliokimbia wakaacha maharagwe shambani, kama walikuwa wamelipa kodi ya ardhi mwezi wa tisa, walipoteza mbegu, jasho na kodi pamoja. Kama mapatano yao yangekuwa nusu, mwenye ardhi naye angepoteza nusu yake. Ndiyo maana mwenye nguvu hapendi sana nusu. Yeye anapenda kiasi.

Motari anajua jambo hilo vizuri. Ile versement anayompelekea mwenye moto kila jioni haiulizi kama barabara ilifungwa au kama mafuta yalipanda. Ni ileile.

Na barieri ndiyo mwalimu mkali kuliko wote. Tuseme barieri inadai franka 1.000 kwa kila anayepita, bila kuuliza amebeba nini. Mama aliyebeba mzigo wa ndizi wa franka 5.000 ametoa moja juu ya tano. Mfanyabiashara aliyebeba bidhaa ya franka 100.000 ametoa moja juu ya mia. Karatasi ni ileile, mkono unaoipokea ni uleule, lakini mama amelipa mara ishirini zaidi kwa kipimo cha mali yake. Hesabu hiyo inafaa kufundishwa darasa la tano, kwa mifano ya hapahapa, badala ya ile keki ya duara iliyo kwenye vitabu ambayo watoto wengi wa Nyabiondo hawajawahi kuila. Kama ni lazima kitu cha duara, jibini ya Masisi ipo, na inakatwa robo vizuri kabisa.

Kuna mafungu mengine ambayo hayapendwi kwa sababu hayajulikani. Yaliandikwa Kinshasa na yakabaki huko. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na yazuiliwe palepale yanapokusanywa. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: nusu kwa Serikali kuu, robo kwa jimbo, asilimia 15 kwa sekta au chefferie madini yanapochimbwa, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa masikio hiyo 15 inaonekana nzuri. Lakini ni fungu la fungu. Bati, kama lile la Bisie huko Walikale, linatozwa mrabaha wa asilimia 3,5. Asilimia 15 ya hiyo inabakisha nusu franka na kidogo katika kila franka 100 za bati. Tena hiyo ni ya sekta yenye mgodi. Mji ulio njiani, unaokula vumbi la magari tu, haumo katika mgawo.

Fungu ambalo ningependa kila mwanamke wa Nyabiondo alijue si hilo, ni moja juu ya kumi na mbili. Liko katika Kanuni ya Familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016. Mtu akifa akiacha watoto, watoto wanachukua robo tatu za urithi. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu: mume au mke aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Makundi yote matatu yakiwepo, kila moja linapata moja juu ya kumi na mbili.

Wanawake wengi wakisikia hivyo wanacheka kwa uchungu, na nawaelewa. Umeishi na mtu miaka ishirini, unapewa sawa na shemeji wanaokuja na kamba ya kufungia mbuzi siku ya tatu ya matanga. Lakini hapo ndipo nusu inarudi, na watu wachache wanajua. Kama wenye ndoa hawakuchagua mpango mwingine wa mali, sheria inawahesabu kuwa wana mali ya pamoja katika vyote walivyochuma tangu kuoana. Maana yake, kabla ya kugawa urithi, nusu ya mali hiyo inatolewa kwanza, kwa sababu haikuwa ya marehemu. Ilikuwa ya mke.

Tufanye hesabu. Mume na mke walichuma mbuzi 24 pamoja. Mume anakufa, anaacha watoto, wazazi na ndugu. Mbuzi 12 ni za mke, hazigusi urithi. Zinabaki 12. Watoto wanachukua 9. Wazazi wa marehemu 1, ndugu zake wote pamoja 1, mjane 1. Mjane anamaliza na mbuzi 13 kati ya 24, na watoto wake wana 9. Shemeji wote kwa pamoja wana mbuzi mmoja wa kugombania. Juu ya hayo sheria inampa mjane haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake, pamoja na nusu ya matumizi ya mashamba yanayopakana nayo ambayo marehemu alikuwa akilima mwenyewe. Akiolewa tena, haki hiyo ya kutumia inaisha.

Najua yanayotokea kwa kweli. Mara nyingi hesabu hiyo haifanywi. Wazee wa familia wanakaa, wanasema mali ni ya ukoo, na mwanamke anarudi kwao na sufuria mbili. Wengine watasema mila ni mila, na kwamba shamba la babu haliwezi kutoka nje ya ukoo. Kuhusu shamba la babu, wana hoja: halikuchumwa katika ndoa, na sheria yenyewe hailiweki katika ile nusu ya mke. Lakini mbuzi walionunuliwa kwa maharagwe aliyopalilia yeye, mabati ya nyumba, moto, hayo si ya babu wa mtu yeyote.

Mahali hesabu inapovunjika ni karatasi. Ndoa ya kimila, na mahari yote kulipwa, kama haikuandikwa kwenye ofisi ya etasivili, mjane anaanza kesi kwa kuthibitisha kwanza kwamba alikuwa mke, mbele ya watu wenye faida ya kukana. Na vita vimeteketeza karatasi nyingi za waliokuwa nazo. Wanaokimbia na watoto mgongoni, wakipata nafasi ya kubeba kitu kimoja bapa, wabebe hiyo. Wachungaji na mapadri wanaofungisha ndoa Masisi na Walikale wangeweza kuuliza swali hilo kabla ya kupiga kengele: je, mmepita etasivili?