Nani Anayapima Madampo Yaliyofungwa?

KUTOKA BARAZANI
Na Zuhura Mkanga

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoshwa na moshi, inzi na harufu ya dampo la jiji, wakaenda Mahakama Kuu. Wakashinda. Jiji likarudi kuomba muda zaidi wa kumwaga pale pale. Jaji Lugakingira akakataa, akishangaa mamlaka ya umma kuja mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira. Wanasheria wetu bado wanaitaja kesi ile, na wana haki ya kujivunia.

Lakini fuata magari ya taka baada ya hapo. Yalijaribu Kunduchi Mtongani. Wakazi wakashtaki mwaka 1991, nao wakashinda. Yakahamia Vingunguti, kwenye bonde la Msimbazi. Vingunguti yakaenda Mtoni, na Mtoni yakaenda Pugu Kinyamwezi. Kila mara ugomvi ulikuwa ule ule: taka zipelekwe kwa nani. Zilizokwisha kufukiwa hakuna aliyeziulizia.

Chukua Vingunguti. Masika yakipiga, maji hupenya katikati ya taka zilizofukiwa na kukokota kila kinachoyeyuka: chumvi, amonia, metali za betri na vyuma chakavu. Yanatokea chini meusi kama chai ya rangi iliyolala. Dampo lililotandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na plastiki nene juu yake, huyadaka maji hayo yakapelekwa kwenye mabwawa kusafishwa. Madampo yetu ya zamani yalikuwa mashimo na mabonde tu, na ardhi ya Dar sehemu kubwa ni mchanga.

Jiji hili nalo linakunywa visima. Ukame wa 1997 ulipoyatia mabomba kiu, visima vilichimbwa huku na huku, na mpaka leo mitaa mingi hujaza simtanki na madumu ya lita 20 kwa maji ya kisima. Mchimbaji akija kwako anauliza majirani walipata maji kwenye kina gani. Sijamsikia anayeuliza dampo la zamani liko umbali gani.

Halafu kuna gesi. Taka zikioza pasipo hewa hutoa methani na hewa ukaa, karibu nusu kwa nusu. Methani yenyewe haionekani wala hainuki, na ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa ya chumbani, njiti moja ya kiberiti inatosha. Kijijini Loscoe, Uingereza, dampo lilikwishafungwa tangu 1982. Alfajiri ya Machi 24, 1986, baada ya mgandamizo wa hewa kushuka ghafla, gesi ilipenya nyufa za miamba ikaingia chini ya nyumba ya jirani. Mtambo wa kupasha nyumba joto ulipojiwasha, nyumba ilisambaratika na watu watatu wakajeruhiwa vibaya.

Kanuni za Marekani za 1991 zinamtaka mwenye dampo apime maji ya chini ya ardhi angalau mara mbili kwa mwaka na gesi kila miezi mitatu, kazi iendelee miaka 30 baada ya kufunga, na aonyeshe mapema fedha zitatoka wapi. Hilo la mwisho ndilo ningeliiba kwanza.

Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za taka ngumu za 2009. Dodoma, Arusha na Tanga zimejengewa madampo ya kisasa, na ni jambo jema. Ila tazama Mtoni. Ulikuwapo pale mradi wa kukusanya gesi, uliosajiliwa mwaka 2007 chini ya utaratibu wa Kyoto wa biashara ya hewa ukaa. Gesi ile ilishughulikiwa kwa kuwa ilikuwa na mnunuzi. Miaka michache baadaye bei ya soko hilo ikaporomoka. Jirani wa dampo hawezi kuwekewa usalama wake mnadani.

Kwa hiyo halmashauri zichore ramani ya madampo yote ya zamani na kuwakabidhi maofisa ardhi, maana dalali wa viwanja hatakwambia. Ni wewe utakayegundua siku fundi anachimba msingi na chepeo linaibuka na rambo za kabla ya marufuku ya 2019, rangi zake zikiwa bado hazijapauka. Sehemu ya ada ya taka itengwe kwa upimaji, na majibu yabandikwe ukutani ofisi ya serikali ya mtaa.

Wataniambia fedha hakuna. Kisima cha kupimia hakina ajabu. Wenye nyumba wa kawaida wanachimba vya kwao kwa kudunduliza. Kila dampo linahitaji kama vinne vya kuanzia: kimoja upande maji yanakotoka, vitatu upande yanakoelekea. Waanze na Vingunguti, kabla ya masika.