Mgeni Aje, Nani Apone?

Methali ya kale husema kuwa mgeni aje, mwenyeji apone. Ni maneno ya ukarimu, nayo yamefungulia wasafiri wa kila namna milango mingi. Lakini methali hii ina sharti ndani yake, na sharti hilo husahauliwa upesi. Mgeni akija, akala, akashiba, akaenda zake, na mwenyeji akabaki na sufuria ya kusugua, hakupona mtu ila mgeni. Sharti la methali ni kwamba kuja kwa mgeni kuwe heri kwa nyumba aliyoingia.

Iko biashara moja ya siku hizi inayostahili kupimwa kwa methali hiyo, nayo ni matembezi ya kuonja chakula. Watu kumi au pungufu hukusanyika, kiongozi akatangulia, wakapita kwa miguu mtaa hadi mtaa, na katika kila kituo wakapewa tonge la chakula kiitwacho cha asili. Baada ya saa tatu au nne hutawanyika. Katika mji wa Kraków, nchini Poland, wageni huongozwa hivyo kuonja pierogi, yaani vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, jibini, kabichi au nyama, na żurek, mchuzi mchachu wa unga wa nafaka uliochachushwa. Unguja, wageni hutembezwa katika mashamba ya viungo, na jioni huwa Forodhani. Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, hupitishwa migombani, wakaonja pombe ya ndizi, kisha wakapakuliwa chakula cha mchana na akina mama wa mahali pale.

Wageni wengi wa Kigoma hupita tu. Huja kwa ajili ya sokwe wa Gombe, ambako Jane Goodall alianza uchunguzi wake mwaka 1960, au wa Mahale. Hulala usiku mmoja, wakapanda mashua. Aghalabu apelekwaye Ujiji huonyeshwa mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, akasimuliwa maneno machache ya salamu yao, akarudishwa hotelini. Basi si ajabu kwamba wapo watamanio kumzuia mgeni siku moja zaidi kwa njia ya ulimi wake: apitishwe Rusimbi, aonje dagaa, mgebuka, kisamvu na ugali wa muhogo, apige picha, alipe.

Tamaa hiyo si mbaya. Hakuna aibu katika kuuza chakula, wala hakuna dhambi katika kukila kwa udadisi. Lakini matembezi yasiyomweka mpishi mahali pa mwalimu, wala kumlipa ujira wa mwalimu, ni uporaji mdogo, hata yakipambwa kwa tabasamu. Uporaji huo una sehemu tatu. Huanza katika neno, huendelea katika kazi, hutimia katika bei.

Neno lenyewe ni hili liitwalo asili. Kiongozi wa matembezi hulipenda kwa sababu humwokoa na taabu ya kujua. Huonyesha ugali wa muhogo akasema kwamba watu wa hapa wamekula hivyo tangu kale na kale. Si kweli. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta pwani za Afrika baada ya mwaka 1500, nao ukaingia bara mkono kwa mkono. Mahindi na nyanya ni wageni wa njia hiyohiyo. Wala Wapoland hawana la kujivunia zaidi, kwa maana viazi vijazwavyo katika pierogi zao ni jamaa wa safari moja na muhogo. Kama asili ni mahali mmea ulipochipuka kwanza, basi meza ya Rusimbi na meza ya Kraków zote mbili zimejaa watoro.

Lakini asili ya chakula haimo katika mbegu. Imo katika mkono. Muhogo mchungu una sumu. Aliyeupokea alipaswa kujifunza kuumenya, kuuloweka siku kadhaa hata ulainike, kuuanika, kuutwanga na kuuchekecha, ili ule uliokuwa mauti uwe chakula. Hiyo ni elimu, na ilipatikana kwa kujaribu, kukosea na kukumbuka. Asemaye kwamba watu wamekula hivyo tangu milele hudhani amewasifu, kumbe amewanyang'anya akili zao. Amewafanya kama ndege ambao hujenga kiota kilekile kila mwaka bila kufundishwa.

Kosa la neno lina mzizi mrefu, na wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kunawa mikono. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uchaguzi huo ulikuwa na faida zake, lakini pamoja na lugha iliingia meza. Nazi, bizari, pilau na mkate wa kumimina vikapata nyumba katika kamusi na katika vitabu vya shule. Mawese yakakaa kibarazani kama mgeni asiyejulikana kabila. Mwanafunzi wa chuo akiambiwa aandike juu ya mapishi ya Waswahili, kalamu yake hukimbilia tui. Ajua kueleza nazi inavyokunwa na kukamuliwa. Hajui mise ni nini wala kuhe ni samaki gani. Mise ni viini vya kokwa za chikichi, na kuhe ni samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika. Ikiwa msomi hana maneno hayo, kiongozi wa matembezi atayapata wapi?

Sehemu ya pili ya uporaji ni kuificha kazi. Tonge la dagaa huonjwa kwa nukta mbili. Kabla ya nukta hizo mbili, watu wamekwenda ziwani usiku wa giza, wakawasha taa ili dagaa wavutwe na mwanga, wakainua wavu, wakarudi alfajiri. Zama za karabai zinapita, na taa za betri zimeshika nafasi yake, lakini mwezi haukubadilika: siku za mbalamwezi taa ya mvuvi haina nguvu, na wavuvi hupumzika. Pwani husubiri wanawake. Ni wao waanikao dagaa juu ya mchanga au juu ya chanja, wageuzao, wachaguao, na watazamao mbingu kwa hofu, kwa maana mvua ya nusu saa huweza kuharibu mtaji wa wiki. Mchanga ulio katika dagaa mbaya na usafi ulio katika dagaa mzuri ni habari ya chanja na mkono wa mwanamke. Muonjaji asiyeambiwa hayo ameonja chumvi tu.

Na hiyo chumvi nayo ina habari. Chemchemi za Uvinza zimechemshwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na watu walisafiri kutoka mbali kuifuata, muda mrefu kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914.

Kadhalika mawese. Vichala hukatwa juu ya mchikichi, chikichi zikachambuliwa, zikachemshwa, zikatwangwa au kushindiliwa, mafuta yakatengwa na maji, yakapikwa tena hata maji yakauke. Mabaki hayatupwi: kokwa hupasuliwa zipatikane mise, nazo mise hutoa mafuta ya namna nyingine, na katika mafuta ya chikichi hutoka sabuni ya gwanji. Mti mmoja hulisha, huangaza, huosha. Mwaka 1858 Richard Burton alifika Ujiji pamoja na John Speke, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1860 aliandika habari za soko la mji ule, samaki wake na mafuta yake. Aliviona, akaviandika, akawadharau wenyewe. Mwanamke aliyekamua mafuta yale hakuulizwa jina. Mtembezi wa leo ana adabu kuliko Burton, lakini akiondoka bila kujua jina la aliyempikia, tofauti yao ni ya sauti tu.

Sehemu ya tatu ni bei. Dagaa wa Kigoma wana sifa nchi nzima, na sifa ina gharama yake: walio wazuri husafiri kwenda Dar es Salaam na kwingineko kutafuta mnunuzi mwenye fedha, na mama wa Rusimbi hununua kilichobaki. Mafuta nayo yana kichekesho chenye machozi. Mkoa wenye michikichi umo katika nchi ambayo kwa miaka mingi imetumia fedha nyingi kuagiza mafuta ya kula kutoka ng'ambo, hata mwaka 2018 serikali ikaanzisha juhudi ya kulifufua zao hilo Kigoma. Mahali kama hapo, kumwuzia mgeni mawese kama kitu cha kale, ilhali mtoto wa jirani hukaangiwa kwa mafuta ya Asia, ni kuuza picha ya marehemu aliye hai.

Ziwa lenyewe limechoka. Wataalamu waliandika mwaka 2003 kwamba joto lililoongezeka limepunguza kuchanganyika kwa maji, hata rutuba ya kilindini haipandi juu kama ilivyokuwa ikipanda. Uvuvi uliozidi kiasi umeongeza mzigo. Ndipo mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, uvuvi ukasimamishwa ili samaki wazaliane. Katika miezi kama hiyo kiongozi wa matembezi atasema nini? Akipakua dagaa wabichi, amevunja sheria. Akipakua wa zamani na kunyamaza, amedanganya. Lakini akisema, "Leo hakuna, na sababu ni hii," atakuwa amemlisha mgeni kitu bora kuliko samaki. Katika yote awezayo kufundisha, hapana somo kubwa kuliko sahani tupu yenye maelezo.

Watakuwapo wapingao kwa hoja mbili. Wa kwanza watasema kwamba fedha ya mgeni ni fedha, na maskini hachagui. Jibu ni kwamba maskini huchagua kila siku kuliko tajiri, kwa maana kila senti yake ina kazi mbili. Anachokosa ni nguvu ya kupanga bei. Fedha ikikaa mkononi mwa kiongozi na mwenye hoteli, na mama lishe akatupiwa shukrani, haiwi fedha ya Rusimbi kwa sababu tu ilipita Rusimbi. Wa pili watasema kwamba wageni wasije kabisa, chakula cha watu si maonyesho. Hawa wana heshima moyoni, lakini wamesahau kwamba Ujiji ulikuwa mji wa wageni tangu zamani: misafara ya pembe na ya watumwa iliishia hapo; Wamanyema walivuka ziwa wakakaa pamoja na Waha na Wajiji; na kisamvu cha upande huu ni sombe ya upande wa pili. Jiko lililokua kwa kupokea haliwezi kulindwa kwa kufungwa.

Wapoland wanaweza kutoa funzo hapa. Taifa lao halikuwa na dola yake tangu mwaka 1795 hata mwaka 1918. Waligawanywa na wafalme watatu, wakabaki taifa kwa lugha, kwa ibada na kwa desturi za nyumbani. Wakati wa vita kuu ya pili, maelfu yao waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Warusi walifika Afrika ya Mashariki kuanzia mwaka 1942, na kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, ilichukua watu wapatao 5,000. Makaburi yao yapo hata leo. Chakula cha kwao hakikuwa kivutio kwa watu wale. Kilikuwa njia ya kukumbuka kwamba wao ni nani. Hata leo katika miji ya Poland iko migahawa ya bei nafuu iitwayo baa za maziwa, wanakokula wanafunzi na wazee wa pensheni. Mgeni akiongozwa humo husimama katika mstari mmoja na mwenye mji. Hakuna meza iliyotandikwa kwa ajili yake. Ameikuta meza inasimama, naye ameomba nafasi.

Hiyo ndiyo kanuni inayotakiwa Rusimbi. Meza isimame kwanza kwa ajili ya watu wa Rusimbi, ndipo mgeni akaribishwe. Matembezi yaanzie mwaloni na sokoni, yasianzie mlangoni pa hoteli. Mpishi atajwe kwa jina kwa idhini yake, aeleze mwenyewe kazi yake kwa Kiswahili au kwa Kiha, na kiongozi awe mfasiri wake tu. Alipwe kabla ya kiongozi, kwa bei aliyoitaja yeye. Mwisho wa njia pasiwe na tonge la sita. Pawe na mlo mzima, watu wameketi, mikono imenawishwa kutoka birika moja, kwa maana kuonja ni kwa mpishi na mnunuzi, na mgeni hula. Na chuo kifanye sehemu yake: wanafunzi watumwe Kigoma wakakusanye maneno ya ziwa na ya mchikichi, yaingie katika kamusi kwa haki ileile iliyoingiza nazi.

Methali nyingine husema kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mtembezi wa siku hizi hakai hata hizo mbili. Basi na apewe jembe siku ya kwanza: ageuze dagaa juanini kwa saa moja, apasue mise hata vidole vimwume, ndipo anawe, aketi, ale. Akishaondoka, mama wa Rusimbi awe na bei yake mkononi na jina lake katika kumbukumbu ya mtu mwingine. Hapo itasemwa kwa haki kwamba mgeni alikuja, na mwenyeji alipona.