Tuzuie Upepo, Tusiingize Moto Ndani



Hapa Lubumbashi mvua imekwisha, na mwezi wa 6 na wa 7 ndiyo ya baridi na upepo. Kwa sisi tunaopika munkoyo wa kuuza, huu ni wakati mgumu. Sufuria kubwa haiingii jikoni. Lazima tupikie nje, katika lupango. Na huko nje upepo unakula makala pamoja na feza yetu.

Tuelewe kwanza upepo unafanya nini. Unapuliza makala, yanawaka haraka na kwisha upesi. Wakati huohuo unasukuma joto pembeni kabla halijafika kwenye sufuria, tena unapoza ubavu wa sufuria yenyewe. Ndiyo maana mama anaona makala ni mekundu kabisa, lakini uji hautokoti. Anaongeza makala, na upepo unayachukua nayo.

Munkoyo hauvumilii moto wa namna hiyo. Unga usipoiva sawasawa, mizizi haiwezi kuulainisha hata tukiiweka wakati unaofaa, uji ukiwa umepoa. Kinywaji kinabaki kizito, chenye ladha ya unga mbichi, na wanunuzi hawarudi.

Basi tujenge kinga. Haitaki fundi.

1. Tujue upepo unatoka wapi. Wakati wa kiangazi kwetu unatoka zaidi kusini-mashariki, lakini nyumba na kuta zinaugeuza. Tumwage majivu kidogo kutoka mkononi, tuangalie yanaelekea wapi.

2. Tupange matofali ya kuchoma pande tatu za mbabula, bila udongo wa kuyashika, ili tuweze kuyahamisha upepo ukigeuka. Upande wa nne, ule upepo unakokwenda, tuuache wazi. Hapo ndipo tutasimama kukoroga.

3. Kinga ifike karibu na ukingo wa sufuria. Ikiwa fupi, upepo unapita juu yake na kupiga sufuria.

4. Kati ya kinga na mbabula tuache nafasi ya kiganja kimoja, na mlango wa chini wa mbabula usizibwe hata kidogo. Moto unahitaji hewa. Tunachokataa ni upepo.

Kipande cha bati la zamani kinafaa pia, kikishikiliwa na mawe mazito. Karatoni, majani na plastiki visikaribie. Mawe ya mtoni tuyaache: maji yaliyo ndani yake yanaweza kuyapasua motoni. Ndoo ya maji iwe karibu, na watoto wakae mbali.

Mwenye jiko la gazi azingatie jambo moja zaidi: chupa ibaki nje ya kinga, mbali na joto. Kamwe tusifunge chupa na moto pamoja.

Sasa tuseme lile linalotutia hofu. Upepo ukizidi, wengine wanabeba mbabula na kuiingiza nyumbani, halafu wanaiacha humo usiku ili watoto wapate joto. Wamama, tusifanye hivyo. Makala yanapowaka yanatoa gazi yenye sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, usingizi unakuja, na mtu haamki tena. Hata makala yanayoonekana kama yamezimika bado yanaitoa. Mtu akishikwa, tumtoe nje kwenye hewa safi mara moja na kumpeleka hospitali. Mbabula ilale nje. Watoto tuwafunike kwa blanketi.

Kwa vikundi vyetu tunatoa kazi ndogo ya nyumbani. Pimeni makala katika kopo moja, chemsheni lita 5 za maji bila kinga, na hesabuni dakika. Kesho yake, saa ileile, fanyeni hivyohivyo mkiwa na kinga. Andikeni namba zote mbili, mkaangalie pia makala yaliyobaki. Tukikutana, tutazilinganisha pamoja.

Makala yetu yanatoka katika pori la miombo linalozunguka mji, na pori hilo linazidi kwenda mbali. Kila kopo tunaloliokoa ni mti unaobaki, ni daftari la mtoto, ni unga wa bukari ya kesho.

Tuonane juma lijalo.