Jina la Fundi Halikusomwa

Mwaka jana nilikwenda likizo nyumbani, Buzebazeba, nikahudhuria ibada ya kutabaruku kanisa ambalo nilichangia ujenzi wake. Sitalitaja, maana sidhani kisa hiki ni chao peke yao. Baada ya mahubiri, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alisoma majina ya wachangiaji. Langu lilikuwa la nne, likitanguliwa na neno "Dokta", kwa mchango wa shilingi 200,000. Nilisimama, nikapigiwa makofi, nikaketi tena juu ya benchi jipya la mninga. Aliyelitengeneza benchi lile alikuwa amesimama karibu na mlango.

Jina lake halikusomwa. Jioni nilipokutana naye ndipo nilipoielewa hesabu. Alitengeneza mabenchi 40. Aliombwa apunguze bei kwa kuwa "hii ni kazi ya Mungu", naye akapunguza shilingi 15,000 kwa kila benchi. Jumla yake ni shilingi 600,000, yaani mara tatu ya kile nilichopigiwa makofi. Isitoshe, sehemu ya ile bei iliyopunguzwa ilikuwa haijalipwa kwa miezi minane.

"Dokta, nilichopunguza ni sadaka, sikidai," aliniambia. "Hiki kilichobaki si sadaka. Ni ada ya mtoto."

Sijasikia mhadhara wa teolojia uliotenganisha zawadi na deni kwa uwazi zaidi ya huo. Makanisa yetu yamezoea kuvichanganya viwili hivyo. Mhasibu akikagua vitabu vya usharika hulipwa; mwanasheria akiandaa hati ya kiwanja hulipwa, tena mara nyingi kabla ya kazi. Seremala, mwashi na fundi cherehani huambiwa kwamba malipo yao yapo mbinguni. Tunasema kipaji chake ametoka nacho kwa Mungu, halafu tunaifanya asili hiyo kuwa sababu ya kutomlipa.

Maandiko yenyewe hayaendi upande huo. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamjaza Bezaleli roho wake ili achonge mbao, afue dhahabu na kukata vito. Hakuwa kuhani wala nabii. Tena anatajwa kwa jina lake, la baba yake, la babu yake na la kabila lake. Na mwenzake Oholiabu anatajwa kwa jina lake, la baba yake na la kabila lake. Lakini sehemu inayonivutia zaidi iko sura ya 36, na ni nadra kuisikia ikihubiriwa. Matoleo ya watu yalikabidhiwa kwa mafundi wenyewe, na ni mafundi waliokwenda kumwambia Musa kwamba vitu vilivyoletwa vimezidi mahitaji. Musa akawazuia watu wasilete tena. Ni kamati gani ya ujenzi unayoijua, ndugu msomaji, ambamo mwashi anaweza kusema "michango imetosha" na mwenyekiti akatii?

Yoshua bin Sira, ambaye Wakatoliki humsoma, aliliona tatizo hili zamani. Katika sura ya 38 anawaeleza mhunzi mbele ya moto na mfinyanzi kwenye gurudumu lake, anakiri kwamba bila wao mji haukaliki, kisha anasema hawaitwi kwenye baraza la watu. Yeye aliona ni sawa, kwa kuwa hekima ya baraza alimwachia mwandishi mwenye nafasi ya kusoma. Hapo, kwa heshima zote, nadhani mzee yule alijipendelea kidogo. Sisi wenye shahada tumeurithi upendeleo huo.

Sisi wa Kigoma tuna ushahidi wetu. Wamisionari wa London Missionary Society walipofika Ujiji mwaka 1878, miongoni mwao alikuwemo Edward Hore, baharia. Baadaye walipohitaji meli ya kuwaunganisha kando ya Ziwa Tanganyika, waliileta "Good News" vipande vipande kupitia Ziwa Nyasa, na mhandisi James Roxburgh akasimamia kuunganishwa kwake. Ilishushwa majini mwaka 1885. Mwaka huohuo Roxburgh akafariki. Injili ilipita ziwani juu ya kazi ya watu wa namna hiyo. Majina yao yamehifadhiwa. Majina ya waliobeba vipande vile mabegani sijawahi kuyasikia mahali popote, na leo pale Kibirizi wapo vijana wanaounda maboti ya mbao ambao pengine watasahauliwa vilevile.

Serikali, angalau katika karatasi, imeanza kusogea. VETA ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti fundi aliyejifunza kazi mtaani, na Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari. (Watumishi wa umma wanaonisoma wasijipongeze mapema: halmashauri nazo zinawajua vizuri mafundi wanaodai.) Lakini mzazi hatampeleka mwanawe mkondo wa amali ikiwa kila Jumapili anaona fundi akisimama mlangoni. Yule wa mabenchi ameniambia waziwazi kwamba ada ile anailipa ili mtoto asije akashika randa. Anajua kazi yake inapendeza; anachokataa ni jinsi anavyotendewa kwa ajili yake. Yakobo, sura ya tano, anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kinafika kwa Bwana. Sidhani alikuwa anawazungumzia wapagani peke yao.

Nimeiandikia kamati barua. Nimeomba salio lilipwe kabla ya kununuliwa vipaza sauti vipya, punguzo la kila fundi liandikwe katika daftari la matoleo kwa thamani yake ya fedha, na mafundi wawili waingizwe kwenye kamati ya awamu ya pili, ya nyumba ya mchungaji. Katibu alinipigia simu. Hoja hakuzipinga, aliniuliza jina kamili la fundi ili aliingize kwenye ajenda. Nilishindwa kumjibu. Miaka yote nimemwita "Fundi". Ilibidi nimpigie mwenyewe, nimuulize.