Nasaha za Mwezi: Kununua kwa Jina na Kununua kwa Kazi



Mwezi uliopita alinijia bwana mmoja, mjumbe wa kamati ya madrasa ya mtaa wa jirani, akanikuta barazani baada ya Sala ya Alasiri. Akaniambia: "Maalim, tumechangishana na fedha ziko tayari. Twataka kununua kompyuta ya mezani ya kuhariria video za darsa za Ramadhani, zile video safi ziitwazo HD. Vijana wetu wataka tununue kubwa kuliko zote zilizoko dukani, na wazee wasema yoyote yatosha. Wewe wasemaje?" Nikamjibu: "Bwana, kabla sijakwambia ununue ipi, ngoja nikusimulie vipi mimi nilivyonunua mbaya."

Na hayo niliyomsimulia yeye nimeona yafaa niwasimulie na nyinyi, kwani siku hizi ni nadra mtaa usio na madrasa au kijana wa nyumbani anayekitaka kifaa hiki. Ama khitilafu za wanazuoni juu ya taswira, hizo zina mahali pake, wala sizo ninazozizungumza leo.

Mwanzo wa mwaka 2022 kamati yetu ilinikabidhi mkoba wa fedha nikanunue kompyuta. Fedha zenyewe zilitoka kwa wazazi: huyu shilingi elfu mbili, yule elfu tano, na mama mmoja muuza mandazi alikuwa akileta mia tano kila Ijumaa, miezi sita mfululizo. Mimi elimu yangu ni ya chuoni na ya shule ya msingi, wala sikujua ndani ya kompyuta mna nini. Nililokuwa nalo ni neno moja nililolisikia kwa vijana, kwamba iliyo nzuri ni "i7". Nikaingia dukani, nikauliza: "Mnayo i7?" Mwuzaji akajibu: "Ipo, Maalim, tena bei yake nafuu." Nikalipa, nikaichukua, nikarudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyeokota.

Ramadhani ilipoingia, vijana wakawa wanarekodi darsa kwa simu, na aliyekuwa akidarsisha ni sheikh wetu mkubwa, mtu mzima mno, ambaye sauti yake ilikwisha kuanza kufifia. Kompyuta ikashindwa na kazi. Picha zilikwama, sauti ikitangulia na mdomo ukifuata nyuma, na darsa ya saa moja iliwakesha vijana mpaka wakati wa daku. Ili kupata nafasi katika simu, walikuwa wakihamishia video zote katika kompyuta kisha wakizifuta simuni. Usiku wa kumi na mbili diski ikafa. Darsa 11 zikapotea, na kila fundi tuliyempelekea alituambia hapana la kufanya. Sheikh naye akafariki kabla ya Ramadhani iliyofuata, Mwenyezi Mungu amrehemu. Darsa zile hazipo tena popote.

Nilirudi dukani nimeghadhibika. Mwuzaji akanambia kwa upole: "Maalim, wewe uliuliza i7, nami nimekupa i7." Na kwa ulimi hakusema uwongo. Mmoja katika wanafunzi wetu wa zamani, aliyesomea ufundi, alipoifungua aliona ya kuwa ni i7 ya kizazi cha pili, ya mwaka 2011.

Imam Muslim amepokea kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni penye rundo la chakula, akautia mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenyewe akatoa udhuru kuwa ni mvua, na Mtume akamlaumu kwa kutouweka ule uliolowa juu watu wakauona. Hadithi hii huwasomea wauzaji, na hivyo ndivyo. Lakini na mnunuzi pia ana funzo lake humo, khasa mnunuzi aliyebeba fedha za watu: hakutazamwa juu ya rundo tu, bali mkono ulitiwa ndani. Mimi sikuutia mkono. Basi sasa nitawaeleza namna ya kuutia.

Kwanza, ijue kazi yenyewe kabla ya kuijua kompyuta. Picha moja ya HD kamili ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya nukta milioni 2. Na katika sekunde moja hupita picha 25. Kwa kuwa nukta hizo ni nyingi mno, simu na kamera hazizihifadhi zote. Huandika picha moja kamili, kisha zinazofuata huandika yale yaliyobadilika tu. Mtu anapohariri, hukata apendapo, na hapo kompyuta hulazimika kuzijenga upya picha zile papo hapo. Huu ndio uzito wa kazi. Mtindo wa kubana video uitwao H.264 uliwekwa mwaka 2003, na ule wa H.265 mwaka 2013, na simu nyingi za siku hizi hurekodi kwa huu wa pili. Basi tazama, ndugu msomaji: prosesa yetu ilitoka mwaka 2011, nayo ilitakiwa isome khati iliyobuniwa miaka miwili baada yake! Ilikuwa ikiisoma kwa taabu, kama mtoto anayeendelea herufi kwa herufi.

Pili, usiulize jina la prosesa tu, uliza na kizazi chake. Katika prosesa za Intel za aina hii, tarakimu zinazofuata baada ya kistari hukwambia kizazi: i7-2600 ni kizazi cha pili, i5-8500 ni cha nane, na i5-10400 ni cha kumi. Hiyo i5-8500, ya mwaka 2018, ina viini 6 vya kufanyia kazi, na i7-2600 ina 4 tu. Basi mdogo kwa jina amemshinda mkubwa kwa jina. Tangu kizazi cha sita zimetiwa ndani yake uwezo wa kusoma H.265 ya kawaida kwa wepesi. Lakini zile zenye herufi F mwisho wa namba hazina sehemu ya picha ndani yake, kwa hivyo uwezo huo hazina. Mimi nakunasihi ushike kizazi cha nane na kuendelea, kwani Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa jumla haizikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi hicho. Kompyuta kuukuu za maofisini ni nzuri na bei yake yastahimilika, maadamu umekisoma kizazi chake kwa macho yako na kompyuta imewashwa mbele yako.

Tatu, kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu. Gigabaiti 8 ni kujikongoja, 16 zatosha kwa HD, na 32 ni za yule anayehariri video za 4K, ambazo nukta zake ni mara nne ya hizi. Kama madrasa yako hairekodi kwa 4K, usiilipie.

Nne, diski. Ile ya kuzunguka husoma kiasi cha megabaiti 150 kwa sekunde, na ile isiyozunguka, iitwayo SSD, hata ya aina ya chini hufika 500. Programu na kazi unayoihariri ziwe katika SSD, na kazi zilizokwisha ziwekwe katika diski ya kuzunguka, kwani hiyo ni rahisi kwa bei. Na pima nafasi. Video iliyorekodiwa kwa megabiti 25 kwa sekunde hutwaa gigabaiti 11 na zaidi kwa saa moja; basi darsa 30 za saa moja moja hukaribia gigabaiti 340. Ukiuziwa kompyuta yenye diski ya 256, Ramadhani haitakwisha ila imejaa.

Tano, kadi ya picha ya kando. Kwa darsa, ambapo kazi ni kukata, kuunga na kutia maandishi, mara nyingi haihitajiki. Tena kompyuta nyembamba za maofisini hazina nafasi wala nguvu za umeme za kubebea kadi kubwa. Fedha za kadi nunulia kile kifaa kiitwacho UPS, kinachokupa dakika chache za kuhifadhi kazi umeme unapokatika.

Sita, programu. Wako wanaosema kuwa programu iliyovunjwa kufuli si wizi, kwa kuwa haishikiki mkononi. Majmaa ya Fiq-hi ya Kiislamu katika kikao chake cha Kuwait, Disemba 1988, ilikata shauri kwamba haki za utungaji na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisharia, wala haijuzu kuzivamia. Na sisi tuna udhuru gani, ilhali Kdenlive na Shotcut zatolewa bure kwa idhini ya wenyewe, na DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure, ingawa hii yataka kadi nzuri ya picha? Hizo mbili za kwanza zaweza pia kutengeneza nakala nyepesi ya video ya kufanyia kazi, kisha mwishoni hurejea katika video ya asili. Na kwa njia hii hata kompyuta ya wastani huweza kazi nzito. Haifai darsa ya tafsiri ipitie katika chombo kilichoibwa.

Saba, nalo ndilo lililonigharimu mimi: usiwe na nakala moja. Mafundi wana kanuni yao, nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe nyumba nyingine. Hili kwetu si geni. Sayyidna Uthman (R.A.) alipokwisha kuandikisha misahafu aliipeleka katika miji mbalimbali, wala hakuiweka yote Madina. Na video isifutwe simuni mpaka nakala mbili zimekwisha kufunguliwa na kuonekana kuwa nzima.

Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake ambao wakitoa hawafanyi israfu wala ubakhili, bali huwa kati na kati. Vijana wa yule bwana walielekea kwenye israfu, na wazee wake kwenye ubakhili. Walio kati ni wale waliokwisha kuipima kazi.

Bwana yule alirudi wiki iliyopita. Wamenunua i5 ya kizazi cha nane yenye ramu ya gigabaiti 16, na kwa fedha zilizosalia wamenunua diski mbili za nje, moja yawekwa nyumbani kwa imamu.

Ama mimi, baada ya khasara ile nilisimama mbele ya wazazi, nikawasomea hesabu yote na nikawaomba radhi, nikasema posho yangu ikatwe mpaka fedha zirejee. Kamati haikukubali. Yule mama muuza mandazi akasema: "Maalim, tumekusamehe. Lakini siku nyingine nenda na anayejua." Tangu siku hiyo mkoba wa madrasa yetu hautoki kwa mtu mmoja. Hutoka kwa wawili, na mmoja wao lazima awe aijua bidhaa inayokwenda kununuliwa.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika kuzitunza amana, na awarehemu masheikh wetu waliotangulia. Amin.

Wassalaam alaykum.