Seli, Jiko na Daftari la Mapishi

Wiki iliyopita tulisafiri hadi Timau, huko Meru, kumjulia hali binti wa ndugu yetu, ambaye mumewe ameajiriwa katika shamba la maua. Mji huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nasi watu wa pwani tulihema kwa kutoka barabarani hadi nyumbani tu.

Jioni tulimkuta mjukuu wetu wa Gredi ya 8 akikariri sehemu za seli huku amefumba macho: utando, saitoplazimu, kiini, mitokondria. Tulipomuuliza kazi zake, alinyamaza, kisha akasema kuwa sayansi si fungu lake na ataiacha. Maneno hayo yalituchoma, kwani nasi tumewahifadhisha wengi chuoni bila ya kuwafahamisha.

Mamake alikuwa akimenya viazi. Tukaomba vipande viwili. Kimoja tukakitia katika maji matupu, cha pili katika maji ya chumvi nyingi. Baada ya chakula, cha kwanza kilikuwa kigumu, cha pili kimelegea. Tukamwambia kuwa utando wa seli ni kama mama asimamaye mlangoni: maji huyaruhusu kupita, chumvi huizuia, na chumvi ikizidi nje, maji ya ndani hutoka.

Mitokondria tuliifananisha na jiko, ambalo hutumia chakula na oksijeni kuupa mwili nguvu, ila halina moto wala moshi. Ama kiini, wengi hukiita mkubwa wa nyumba. Mfano huo hatuupendi, kwani humfanya mtoto adhani kiini huketi kikiamrisha. Afadhali kukiita sanduku lenye daftari la mapishi: daftari lenyewe halitoki, hunakiliwa ukurasa unaohitajiwa, na nakala ikapelekwa kwa wapishi.

Binti akafikiri. "Babu, nyumba isiyo na daftari yaweza kuwapo?"

Hilo halikuwa swali la mtu wa kuacha sayansi. Tukamjibu kuwa ipo, tena anayo mwilini: seli nyekundu ya damu. Kabla haijakomaa hulitupa daftari, na hata jiko, ili ipate nafasi ya kubebea oksijeni. Lakini kwa kuwa haina tena maandishi ya kujitengenezea, huishi siku 120 hivi, na uboho wa mifupa huunda nyingine. Mwili wa mkaazi wa milimani huziunda kwa wingi zaidi, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi.

"Kumbe ndiyo sababu Babu anahema!" Mamake akamkemea, nasi tukacheka.

Asubuhi, mikoba yetu ikiwa mlangoni, alituuliza seli hizo zikifa huenda wapi. Gari lilikuwa likingoja, tukamwahidi jibu gazetini. Basi mjukuu wetu, huvunjwavunjwa katika wengu na ini, na chuma kilichomo hurudishwa kwenye uboho kuundia seli mpya.