Si Kila Kifua ni TB



Mwaka jana tulimzika mwenzetu hapa Bwizibwera. Alikuwa mponda kokoto, mtu wa Kongo, aliyekaa Nakivale kabla ya kuja kutafuta kibarua upande wa Mbarara. Alikohoa, akakonda, akaambiwa ana TB ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Akameza vidonge miezi sita. Kumbe alikuwa na magonjwa mawili kwa pamoja: sarkoidosisi na saratani ya mapafu.

Neno hilo la kwanza hata sisi wa tawi lilitushinda ulimi. Ni vivimbe vidogo vidogo vinavyoota mapafuni na kwenye tezi. Hauambukizi. Chanzo chake hasa hakijajulikana, ila vumbi linashukiwa: wazima moto wa New York waliovuta vumbi la majengo yaliyoanguka mwaka 2001 walipatwa nao kupita kawaida. Kwenye picha ya kifua unafanana na TB, na tezi zikivimba zinafanana na saratani iliyokwisha kuenea. Mganga akiona ugonjwa mmoja anaweza kuacha kutafuta wa pili. Jibu la hakika hutoka kwenye kipande cha nyama kilichokatwa na kupimwa kwa darubini. Tena prednisoloni, dawa yake, ikipewa mtu mwenye TB iliyojificha inaweza kumwamshia TB hiyo.

Tusieleweke vibaya. TB ipo, na mwenye kikohozi cha wiki mbili aende apimwe upesi. Dawa zake hospitali za serikali ni bure. Tunachokataa ni mtu kuendelea kumeza bila nafuu na hakuna anayemwuliza: ndugu, umefanya kazi gani maishani? Vumbi la mawe linaleta saratani ya mapafu, wataalamu wa dunia walikwisha kulitangaza hilo mwaka 1997. Mwenzetu alilivuta machimboni Kongo, akalivuta na hapa, kitambaa puani. Sigara pia alivuta, hatufichi. Bwana mkubwa alijificha papo hapo nyuma ya sigara hiyo.

Sheria ya fidia ya mwaka 2000 inataja magonjwa ya kazi. Lakini kibarua asiye na karatasi atadai kwa ushahidi gani? Mjane aliuza mbuzi wote kwa nauli za kwenda Taasisi ya Saratani, Mulago. Tunadai kila kibarua, raia au mkimbizi, apewe kadi. Mawe yaloweshwe maji kabla ya kupondwa. Na picha ya kifua ipigwe mtu anapoingia kazini na anapotoka, kwa gharama ya mwajiri.

Mkija mkutano wa tawi, kila mmoja aje ameandika kazi zote za vumbi alizowahi kufanya, na miaka yake. Asiyejua kuandika, tutamwandikia.